Itaisha, Lakini Lini?

Chukua karatasi. Hata risiti ya supermarket ni sawa, upande wa nyuma. Andika herufi tatu: aab. Sasa nakupa sheria moja tu: popote utakapoona ab, ifute na uandike ba mahali pake. Kutoka aab unapata aba. Kutoka aba unapata baa. Hapo hakuna ab tena popote, kwa hivyo umefika mwisho. Hatua mbili, mchezo umeisha, rudi kwa simu yako.

Ama ngoja. Badilisha sheria kidogo. Safari hii ab inakuwa bba. Anza tena na aab: inakuwa abba, halafu bbaba, halafu bbbbaa. Imeisha pia, ingawa imenenepa njiani. Ukianza na a kumi na b moja, itaisha baada ya hatua 1,023. Ukianza na a thelathini na b moja bado itaisha, lakini baada ya hatua zaidi ya bilioni moja, na hapo risiti haitoshi.

Sasa ya tatu: ab inakuwa bbaa. Tumeongeza herufi moja tu. Anza na aab, unapata abbaa. Badilisha ile ab ya mwanzo, unapata bbaabaa. Angalia katikati polepole: bb, kisha aab, kisha aa. Ile aab tuliyoanza nayo imerudi, nzima, imebebeshwa mizigo pande zote mbili. Ukiishughulikia tena itarudi tena, na mizigo itaongezeka. Hii haiishi leo, haiishi kesho, haiishi kamwe.

Sheria tatu zinazofanana kama watoto wa nyumba moja, na kila moja ina hatima yake. Swali ni hili: nikikupa sheria yoyote moja ya aina hii, herufi zikibadilishwa na herufi, je, kuna njia ya kujua kabla ya kuanza kama itasimama kila wakati, bila kujali mstari unaoanza nao? Sisemi njia ya sheria hii au ile. Nasema njia moja ya zote, unayoweza kuiandika kama programu ukaipa kompyuta, nayo ikujibu ndiyo au la.

Hakuna anayejua. Si mimi tu. Hakuna mtu duniani anayejua.

Nilikutana na swali hilo nikiwa mwaka wa nne chuoni, kwenye somo ambalo tulikuwa wanafunzi tisa, na watatu kati yetu walikuwa wamejisajili kwa sababu masomo mengine yalikuwa yamejaa. Mwalimu wetu alikuwa mzee wa sweta ya kijivu aliyeandika ubaoni polepole sana, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Siku hiyo aliandika sheria, akaandika swali, akasema, "Hili halijulikani," kisha akafuta mikono na kuanza kupanga vitabu vyake. Tukamwangalia. Tulikuwa tumesoma hesabu miaka kumi na sita, na katika miaka hiyo yote kila swali lilikuwa na jibu lililofichwa mahali fulani, kwenye kurasa za mwisho za kitabu ama kwenye mwongozo wa kusahihisha wa KCSE. Kazi yetu ilikuwa kulifukua. Sasa hapa kuna mzee anasema hakuna kurasa za mwisho.

Wengine walikwenda lunch. Mimi nilibaki nimekaa, moyo ukidunda kama mtu aliyeambiwa siri ya familia.

Somo lenyewe ni nadharia ya mifumo ya kuandika upya. Jina linatisha lakini kazi yake unaifanya kila siku. Mwalimu wa darasa la tatu akikuambia 2 + 3 ni 5, amekupa ruhusa ya kufuta kitu kirefu na kuweka kifupi mahali pake. Kompyuta inaporahisisha hesabu, au inapogeuza programu uliyoandika kuwa maagizo ambayo mashine inaweza kuyatekeleza, inafanya hivyo hivyo mara nyingi sana: inatafuta umbo fulani, inaliondoa, inaweka jingine. Hata mdomo wako unafanya. Ki pamoja na angu haiwi kiangu, inakuwa changu. Vi pamoja na angu inakuwa vyangu. Ki pamoja na umba inakuwa chumba. Sheria nzuri kabisa, mpaka ufike kwenye kiatu, ambacho kingefuata sheria kingekuwa chatu, na hapo nani angethubutu kuingiza mguu? Lugha ina ruhusa ya kukataa sheria zake yenyewe. Mifumo hii ya hesabu haina. Ukiona ab, una ruhusa ya kuibadilisha popote ilipo, na hakuna atakayekuja kusema neno hili ni la kipekee.

Kuna maswali mawili makubwa kuhusu mfumo wowote wa namna hii. La kwanza ni kama utasimama. La pili ni kama watu wawili wakianza mahali pamoja na kupitia njia tofauti watakutana mwishoni. Hilo la pili ni zuri, na mwaka 1942 hesabu ya M. H. A. Newman ilionyesha kwamba kama mfumo unasimama kila wakati, na kila pale njia inapogawanyika kwa hatua moja matawi yake yanaweza kuungana tena, basi wote watafika mwisho mmoja. Lakini ona hilo "kama mfumo unasimama." Kila kitu kinarudi kwa lile la kwanza, na mimi ndilo lililonishika shati.

Historia yake ni ya kukata tamaa kwa awamu. Mwaka 1914 Mnorwe mmoja, Axel Thue, aliuliza: ukipewa mistari miwili ya herufi na sheria za kubadilishana, unaweza kujua kama mstari mmoja unaweza kugeuzwa ukawa ule mwingine? Miaka ikapita. Mwaka 1947 Emil Post huko Marekani na Andrei Markov huko Umoja wa Kisovieti, kila mmoja kivyake, wakaonyesha kwamba hakuna njia ya jumla. Wala tatizo si kwamba haijapatikana. Haipo, na haitakuwepo. Mwaka 1978 Gérard Huet na Dallas Lankford wakaonyesha vivyo hivyo kuhusu kusimama: ukiruhusu sheria nyingi unavyotaka, hakuna programu itakayoweza kukuambia kila wakati kama mfumo wako utasimama. Halafu watu wakaanza kupunguza. Sawa, nyingi haiwezekani, je, chache? Mwaka 1996 Yuri Matiyasevich na Géraud Sénizergues wakaonyesha kwamba hata sheria tatu zinatosha kuifanya kazi isiwezekane.

Kwa sheria moja, kimya.

Nataka uone tofauti hapa kwa sababu watu wengi ninaowaelezea, wakiwa na bia mkononi, huiruka. "Haiwezekani" ni jibu. Mtu amefanya kazi, amethibitisha, mlango umefungwa kwa saruji na unaweza kwenda nyumbani. "Haijulikani" ni kitu kingine kabisa. Pengine njia ipo na ni fupi, itatosha kurasa mbili, na kuna msichana Eldoret ama Lima atakayeiona akioga. Pengine haipo. Kuna dhana kwamba kila sheria moja isiyosimama lazima iwe na mzunguko kama ule wa aab, yaani mahali fulani mstari utajirudia ndani yake mwenyewe ukiwa na mizigo pembeni. Inaonekana kweli. Haijathibitishwa. Mwaka 1991 watafiti watatu, Nachum Dershowitz, Jean-Pierre Jouannaud na Jan Willem Klop, walichapisha orodha ya maswali yasiyo na majibu katika uwanja huu, na orodha hiyo imekuwa ikiongezwa tangu wakati huo hadi namba zake zimepita mia moja. Baadhi yamepata majibu. Sheria moja ya herufi bado iko pale.

Sasa, unathibitishaje kwamba kitu kitaisha? Huwezi kukifuata mpaka kiishe, kwa sababu ukichoka hujui kama kilikuwa karibu ama la. Ujanja wa zamani ni huu: tafuta kitu kinachopungua. Kwa sheria ya kwanza, ya ab kuwa ba, hesabu ni mara ngapi kuna a iliyotangulia b, hata kama haziko jirani. Kwa aab ni mara mbili. Kila hatua inapunguza idadi hiyo kwa moja. Namba nzima haiwezi kupungua milele bila kugonga sifuri, kwa hivyo lazima isimame. Ndio hivyo tu. Kazi yote ya uwanja huu, ukiondoa mapambo, ni kutafuta hicho kitu kinachopungua.

Na kinaweza kujificha vibaya sana. Chukua sheria hizi tatu pamoja: aa inakuwa bc, bb inakuwa ac, cc inakuwa ab. Mstari hauongezeki wala haupungui urefu. Jaribu na aaa: ukianza kushoto unapata bca, ukianza kulia unapata abc, na zote mbili zimekwama hapo hapo. Je, itasimama kila wakati, kwa mstari wa urefu wowote? Hans Zantema, Mholanzi, aliliuliza swali hilo, na watu walilivunjia vichwa kwa miaka. Kitu gani kinapungua hapo? Idadi ya herufi ni ile ile, zinabadilika tu aina. Mwaka 2006 Dieter Hofbauer na Johannes Waldmann wakajibu: ndiyo, inasimama. Kila herufi waliipa jedwali la namba, mstari mzima ukawa kuzidisha majedwali, na katika kona moja ya jibu kuna namba ambayo lazima ipungue kila hatua. Namba za kwenye hayo majedwali zilitafutwa na kompyuta. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikasirika. Nilitaka sababu, kitu ninachoweza kumwambia mtu kwenye matatu, nikapewa majedwali yanayofanya kazi. Sa hii sikasiriki tena, ila nikiwa mkweli bado sijui kwa nini inasimama. Najua tu kwamba inasimama, na nadhani hayo ni mambo mawili.

Mama yangu anauza mtumba Gikomba. Nguo za watoto hasa, na mzigo ukiwa mzuri anachagua kamera na kuziweka kando kwa wateja wa Ijumaa. Amefanya kazi hiyo tangu kabla sijazaliwa na ndiyo iliyonisomesha. Mwaka jana mvua ilipoharibu mzigo aliokuwa amelipia wote, alichukua mkopo wa simu, elfu nane, arudishe kwa mwezi. Mwezi ulipofika biashara ilikuwa bado haijasimama, kwa hivyo alichukua mkopo mwingine kwingine, mkubwa kidogo, akalipa ule wa kwanza pamoja na ada yake. Ule wa pili ulipofika aliulipa kwa kurudi kwa wale wa kwanza, ambao kwa kuwa alikuwa amelipa vizuri walimwamini zaidi, na kilichopungua akajazia kwa jirani. Hakuniambia. Nilijua siku simu yake ilipolia mara saba tukiwa mezani, akaigeuza uso chini kila mara, na ndugu yangu aliye kidato cha nne akanitazama.

Baada ya chakula nilimwomba daftari. Mama huandika kila kitu, hiyo ni tabia ya soko. Tukakaa kwenye kochi, stima ikiwa na tokeni za kubembeleza, nikaanza kuchora: deni hili limebadilishwa na hili, hili limebadilishwa na haya mawili, haya yamebadilishwa na haya. Mishale ikajaa ukurasa. Na pale chini nikaiona. Ile elfu nane ya mwanzo, mahali pale pale, kwa watu wale wale, tarehe tofauti. Imerudi nzima, na pembeni yake kuna deni la jirani upande huu na ada upande ule.

"Mama," nikamwambia, "hii ya Julai ndiyo ile ya Machi."

"La, ile nililipa."

"Ulilipa na nini?"

Akanyamaza. Mama si mtu wa kuelezwa kitu mara mbili. Alichukua kalamu mkononi mwangu akazungushia zote mbili duara, ya Machi na ya Julai, akaweka kalamu chini.

Kulikuwa na kitu kingine ambacho sikuwa nimemwambia mimi. Nilikuwa nimepata nafasi ya shahada ya uzamili Ulaya, kwenye idara ambayo watu wawili wanafanya kazi hii hii ya kusimama na kutosimama. Karo yote walikuwa wamenisamehe. Ndege, visa, pesa za kuonyesha benki na za miezi miwili ya kwanza hawakunipa, na hizo ndizo nilizokuwa nikiweka tangu nianze kazi ya kupima programu za watu wengine kwenye ofisi moja hapa Nairobi. Nilikuwa na karibu elfu tisini. Jumla ya madeni ya Mama usiku ule ilikuwa 74,300. Hesabu hiyo haihitaji nadharia yoyote.

Sikuitamka usiku huo. Badala yake, kwa sababu ni rahisi zaidi kuzungumza kuhusu watu walio mbali, nilimsimulia habari ya mipira. Iko hivi. Una mfuko wenye mipira, kila mpira umeandikwa namba nzima, kuanzia moja kwenda juu. Unaruhusiwa kutoa mpira wowote na kurudisha mipira mingine mingi unavyotaka, hata milioni, mradi kila mmoja uwe na namba ndogo kuliko ule uliotoa. Ukitoa mpira wa namba moja hakuna kilicho kidogo zaidi, kwa hivyo hurudishi kitu. Mfuko unaweza kufura kama unga uliotiwa hamira. Bado, mwaka 1979, Dershowitz na Zohar Manna walitumia jambo hili kuthibitisha kwamba programu fulani zinasimama, maana mfuko lazima utaisha. Vyovyote utakavyocheza, utaisha.

Ndipo nikamwambia, madeni nayo ni hivyo. Ukibadilisha kubwa kwa madogo kila mara, na usiwahi kubadilisha dogo kwa kubwa, lazima yaishe.

Mama alifikiri. Anapofikiri hukunja kona ya leso.

"Ya elfu ishirini nikiivunja kwa nne za elfu sita?"

"Sawa, kila moja ni ndogo."

"Hiyo ni ishirini na nne."

"Ndiyo."

"Na kila ya sita nikiivunja kwa tano za elfu moja mia tano?"

Nilikuwa nimeshaona anakoelekea. "Elfu thelathini," nikasema.

"Na watu ishirini wananipigia simu." Akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Hao watu wako hawajawahi kudaiwa."

Ana haki, na ni jambo ambalo vitabu vyenyewe vinalijua vizuri sana. Kuthibitisha kwamba kitu kitaisha hakukuambii lini. Kuna tawi zima la utafiti linalopima hilo: kwa mstari wa urefu fulani, hatua ni ngapi kabisa kabla ya kusimama? Sheria ya ab kuwa bba inasimama bila shaka yoyote, na kwa a thelathini inakula hatua bilioni moja. Ipo mifumo inayosimama lakini kwa hatua nyingi kiasi kwamba hata kuiandika namba yenyewe ni kazi ya maisha. Mwanahesabu anaweza kulala usingizi na jibu la "ndiyo". Anayedaiwa anataka tarehe, na kitu kinachopungua kwake hakiwezi kuwa ukubwa wa deni lililo kubwa zaidi. Lazima kiwe jumla. Kwa jumla kupungua, lazima kitu kitoke nje ya mfuko, na nje ya mfuko wakati ule kulikuwa na mimi.

Nilimwambia kuhusu Ulaya Jumapili, tukitoka kanisani, kwa sababu kule nje hawezi kupiga kelele. Hakupiga. Aliuliza unasoma nini huko, nikajaribu kumweleza, kwa herufi a na b, tukitembea kuelekea stage. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na ukienda utapata jibu?"

"Sijui."

"Wale waliokuwa hapo mbele yako walipata?"

"Bado."

"Walianza lini?"

Nikamwambia kuhusu Thue na mwaka 1914. Akasimama kabisa katikati ya njia, mkoba ukining'inia. "Kabla hata cucu wako azaliwe," akasema, na sauti yake haikuwa ya dharau. Ilikuwa kama ya mtu anayesikia kwamba kuna duka limefunguliwa miaka mia moja na halijawahi kuuza kitu, na bado kila asubuhi mtu anakuja kufungua. Halafu akasema pesa zangu nisiziguse. Nikasema nitazigusa. Tuligombana kwa adabu mpaka Kayole, kwa sababu matatu ilikuwa imejaa.

Tulichofanya mwishowe si kile alichotaka wala nilichotaka. Tulilipa yale madeni mawili yaliyokuwa kwenye mzunguko, yote mawili siku moja, ili hakuna linalobaki kulipia jingine. Tulifuta programu zake kwenye simu, akiniangalia kila ninapobonyeza kama daktari wa meno. Yaliyobaki ni ya jirani, ya chama na ya mtu wa mzigo, ambayo hayana ada na yana watu wenye nyuso. Kila Jumamosi jumla inaandikwa chini ya ukurasa. Kuna wiki mbili ilipanda, moja ikiwa ya karo ya mock ya ndugu yangu. Nyingine zote imeshuka.

Na mimi niliandikia idara kuomba nafasi isogezwe mwaka mmoja. Walikubali, wakanitumia fomu. Ilikuwa na kisanduku cha mada ya utafiti, nikajaza, na kisanduku cha tarehe ninayotarajia kukamilisha, ambacho hakikubali kuachwa wazi.

Marafiki huniuliza kama si ujinga, mwaka mzima kusubiri ili uende kukaa na swali ambalo pengine litakushinda. Mimi huwaelekeza kwa Collatz, kwa sababu wengi wameshakutana nalo YouTube: chukua namba, ikiwa shufwa igawe kwa mbili, ikiwa witiri izidishe kwa tatu uongeze moja, urudie. Inasemekana kila namba itafika 1. Anza na 27 uone, itapanda hadi 9,232 na kuzunguka hatua 111 kabla ya kutua. Kompyuta zimeshajaribu namba zote mpaka kupita mbili iliyozidishwa yenyewe mara 68, na zote zimetua. Bado hakuna uthibitisho. Mwaka 2021 Emre Yolcu, Scott Aaronson na Marijn Heule waliligeuza swali hilo likawa mfumo wa kuandika upya wenye sheria chache tu za herufi, wakauliza lile swali langu: je, unasimama? Wakaachilia kompyuta itafute majedwali kama yale ya Hofbauer na Waldmann. Haikupata. Ilipata kwa matoleo mepesi ya swali hilo, na wao wakachapisha hivyo hivyo, tulichopata na tusichopata. Napenda sana karatasi hiyo. Nimesoma mikataba ya kazi yenye ukweli mdogo zaidi.

Usiku, nikimaliza kazi za ofisi, laptop yangu ya zamani inapitia sheria moja moja, fupi kwanza. Nimeandika programu ndogo, haina ujanja wowote ambao wengine hawana. Inajaribu kutafuta mzunguko, ikiukosa inajaribu kutafuta kitu kinachopungua, na inapanga sheria kwa safu tatu: inasimama, haisimami, sijui. Zantema na Alfons Geser walionyesha miaka ya tisini kwamba aabb kuwa bbbaaa inasimama, na uthibitisho wake si mchezo. Ya kwangu inaiweka kwa "sijui" kila usiku bila aibu, nami naiacha pale ili inikumbushe ukubwa wa programu yangu.

Mama alikuja nyuma yangu juzi na kikombe cha chai akasoma skrini. Aliuliza safu ya tatu ni ya nini, nikamweleza. Akaenda akarudi na daftari lake, lakini akafungua upande wa pili, wa wale wanaomdai yeye ametulia, na wao ndio wanaodaiwa: wateja waliochukua nguo kwa ahadi. Akaniambia nimchoree mistari kama ile, safu tatu. Tukaanza kugawa majina. Wa kwanza hulipa kila mwisho wa mwezi, tukaweka inasimama. Wa pili alihama na nguo saba za ubatizo.

"Na huyu wa vitenge?" nikauliza. Ni jirani yetu wa pale sokoni, amechukua nguo tangu mwaka juzi, analipa kidogo, anachukua nyingine.

Mama alipuliza chai. "Anapunguza," akasema. "Halafu anaongeza." Akaangalia skrini yangu tena, ile safu ndefu ya mwisho. "Huyo weka hapo na zako."